Mtoto wa Milembe na Maziwa ya Baridi

Kwenye sherehe ya kuniaga, bwana aliyesoma hotuba alisema kwamba miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi sikuwahi kuogopa. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinama nikaendelea na pilau, maana huwezi kumkatiza mtu anayekusifia mbele za watu, lakini yule bwana hakuwahi kufanya zamu na mimi hata siku moja. Nimeogopa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Niliogopa kipindupindu, niliogopa damu, niliogopa wakubwa wanaokuja kukagua bila taarifa. Lakini hakuna kitu kilichonitia hofu kama mtoto anayenyonya vizuri, hana homa, haharishi, na bado haongezeki uzito.

Wauguzi wadogo wa pale kliniki wameniomba niwaandikie kidogo habari za kazi yetu ya zamani. Nimekubali, na sasa nimekaa hapa Buswelu kwenye nyumba ambayo bado haina dari, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vilipojisikia kuja, na mishahara ya wauguzi nyie wenyewe mnaijua. Nitaandika habari za mizani, za Sista Paskazia aliyenifundisha kazi, na za mtoto mmoja ambaye mpaka leo sijamsahau.

Niliripoti kwenye zahanati yetu upande wa Pasiansi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni, viatu vyeupe vinanibana na cheti nimekibeba kwenye bahasha kana kwamba kuna mtu atakiomba. Hakuna aliyekiomba. Sista Paskazia, Mhaya mfupi mwenye sauti ndogo, ndiye aliyeongoza kliniki ya watoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanipa pakiti ya sukari ya kilo mbili iliyozungushiwa nailoni.

"Itundike," akasema.

Mizani yetu ilikuwa ya kuning'iniza, uso wa duara wenye mshale kama wa saa, na chini yake ndoano ya kutundikia ile kaptula ya kitambaa anayovalishwa mtoto. Ilifungwa kwenye boriti ya barazani. Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, ilitundikwa ile sukari. Mshale ukisimama penye mbili, kazi inaanza. Usiposimama hapo, Sista anachukua bisibisi yake mfukoni na akina mama wote wanasubiri, hata wagune namna gani. Sukari ile ilinunuliwa enzi za foleni, na haikuwahi kuingia kwenye chai ya mtu. Wageni walipoiona pale dirishani walidhani zahanati yetu ina uwezo.

Alinifundisha kumvua mtoto nguo zote. Hirizi za kiunoni alikataa zivuliwe; alisema hakuna haja ya kugombana na bibi wa mtu kwa sababu ya kitu chepesi vile. Alinifundisha kwamba mama akinyonyesha, nesi akae chini, sio asimame. Ukiwa umesimama huwezi kusikia mtoto akimeza. Utazame mdomo umefunguka vizuri, ule weusi wa titi umeingia, shavu limejaa, halafu utulie usikilize. Na mtoto asiyeongezeka, alisema, mfuate kwao. Nenda saa ambayo hawajajiandaa kukuona.

Nilimuuliza kama yeye huwa anaogopa.

"Nikiacha kuogopa nitaomba nihamishiwe stoo," akasema.

Miaka hiyo Mwanza ilikuwa inabadilika kwa kasi. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na maduka ya Wahindi mjini, ambayo sisi tulizoea kuyaona rafu tupu, yakajaa vitu. Madirishani yakapangwa makopo ya maziwa ya watoto yenye picha ya mtoto mnene kupita kiasi. Ufukweni vikajengwa viwanda vya minofu ya sangara, na wanawake waliokuwa wakilima mihogo wakaanza kuvaa mabuti meupe na kusimama mezani toka alfajiri, wanakata samaki kwenye barafu. Walikuwa wanapita mbele ya zahanati wakirudi, mikono imewavimba na vidole vimekunjamana.

Mmoja wao alikuwa Milembe. Alikuja na mwanaye wa kiume, Makoye, wa miezi mitatu hivi. Alimleta siku zake za mapumziko, kwa hiyo alikuwa hana haraka, amevaa kitenge safi, mtoto amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Nilimtundika mtoto, nikasoma mshale, nikaweka nukta kwenye kadi. Ile nukta ilikaa karibu sawasawa na ya mwezi uliopita. Nyie mnaujua mstari wa namna hiyo, ule unaolala badala ya kupanda. Nikamvua mtoto kwenye kaptula, nikaitundika tena sukari. Mshale ukasimama penye mbili.

Tulimtazama mtoto toka kichwani hadi miguuni. Mdomoni hakuna utando mweupe, ulimi hauna tatizo, damu haikuwa na malaria. Nikamwambia Milembe anyonyeshe, nikakaa chini kama nilivyofundishwa. Alimshika mwanaye vizuri kuliko akina mama wote niliokuwa nimewaona mwezi ule. Mtoto alifungua mdomo, akavuta, nikamsikia anameza, gu, gu, gu, mpaka akalala titi likiwa mdomoni. Ningeweza kumtumia kuwafundishia wengine. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi mstari ulikuwa bado umelala. Mara ya tatu ulikuwa umeinama kidogo, na mikunjo ilikuwa imeanza kutokea kwenye mapaja ya mtoto.

Hapo ndipo akina mama wengine walipoanza kusogea. Milembe akikaa kwenye benchi, anayefuatia anajivuta pembeni na kumkumbatia wake. Hakuna aliyetamka neno ukimwi, lakini miaka ile lilikuwa halihitaji kutamkwa. Kila mtu alikuwa na ndugu aliyekonda hivyo akaisha. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nalifikiria kama wao. Nilikuwa nikimshika yule mtoto natafuta tezi shingoni kwa vidole vyangu huku naomba nisizikute.

Siku moja nilimpeleka Milembe chumba cha ndani, nikamwambia habari ya kupima damu hospitali kubwa.

"Nikipimwa nikaambiwa ninao, mtoto atanenepa?" akaniuliza.

Hapakuwa na dawa wakati ule.

"Sista, wa kwanza alikufa hivi hivi," akasema. "Alianza kukonda miezi hii hii. Hakuumwa. Alikauka tu, mpaka akaisha. Nilikuwa nafanya kazi palepale kiwandani. Watu wakasema ni mkosi. Sasa huyu nikimwangalia usoni namwona yule."

Alisema hayo bila kulia, anamfunga mtoto mgongoni. Mimi ndiye niliyebaki mle ndani nimekaa kwenye kitanda cha kupimia wajawazito. Nilimweleza Sista Paskazia. Akanisikiliza, akaniuliza swali moja tu.

"Umeenda kwao?"

Nilienda kesho yake, mchana umeshapinda, saa ambayo gari la kiwanda huwashusha wa zamu ya alfajiri. Kwao kulikuwa juu kwenye mawe, zile nyumba zilizojibana katikati ya miamba, unapanda huku umeshika ukuta wa mtu. Mume wa Milembe alikuwa fundi wa injini za mitumbwi visiwani Ukerewe, akionekana nyumbani mara chache. Pale Milembe alikuwa anaishi na mama mkwe wake, Bibi Kalunde. Nilimkuta bibi amempakata Makoye, anamnywesha maji ya uji kwa kijiko. Nikamwamkia, akaniitikia na kunipa kigoda. Mtoto alikuwa analia kile kilio kidogo, kikavu, ambacho hakimsumbui mtu. Nyie mkikisikia mahali, msiondoke.

Milembe akafika. Akashtuka kuniona, akanisalimu, akavua mabuti. Mtoto alipomsikia akaanza kurusha miguu. Nikategemea amchukue. Hakumchukua. Alikaa kwanza kando ya mafiga akaota moto mikono, halafu akainuka akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata, nikajifanya natafuta choo. Alikuwa ameuelekea mwamba, ametoa titi nje, anakamua. Maziwa yalikuwa yanaruka kwa nguvu, yanatiririka kwenye jiwe mpaka chini. Akamaliza la kwanza likawa limelala kabisa, akatoa la pili. Ule mwamba ulikuwa na weupe wa siku nyingi, na inzi walikuwa wanaujua.

Aliporudi, akampakata mwanaye, akampa titi. Nikakaa chini karibu yake. Mtoto akavuta kwa pupa. Nilisikia akimeza mara chache, kisha nikasikia anavuta tu, anavuta bila kumeza, mpaka akachoka akalala.

"Milembe, yale maziwa kule nyuma ulikuwa unayatoa ya nini?"

Akanitazama kana kwamba namuuliza kwa nini anachambua mchele.

"Ni ya barafu hayo, Sista. Yanatolewa kwanza."

Alinieleza. Mwanamke mmoja mkubwa wa pale mezani ndiye aliyewafundisha. Ukisimama kwenye barafu toka alfajiri, maziwa yanaingia ubaridi yakiwa ndani, na mtoto akiyanyonya ubaridi unamshuka kifuani, anapata nimonia. Kwa hiyo unayakamua yote, unasubiri mapya yatoke ukiwa umeshapata moto. Siku za mapumziko hana haja ya kukamua, na siku za mapumziko ndizo alizokuwa akija kliniki. Ndiyo maana mimi nilikuwa naona mama anayenyonyesha vizuri kuliko wote.

Msicheke. Mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi toka alfajiri, mtu ambaye akijigusa kifua anasikia baridi tupu, ukimwambia maziwa yake ni ya moto atakuona wewe ndiye huna akili. Alikuwa anamlinda mwanaye. Kila jioni alikuwa anamlinda mwanaye kwa nguvu zake zote, na kila jioni mtoto alikuwa anapungua.

Nikamwomba Bibi Kalunde anipe mkono wake. Nikamwambia Milembe akamue yaliyobaki, hata matone mawili, yaangukie kwenye kiwiko cha bibi kwa ndani. Yakaanguka. Bibi akatulia, akakunja uso.

"Ya moto haya," akasema. Akafikiri. "Lakini balidi haikai kwenye maziwa, mwanangu. Inakaa kwenye mifupa."

"Mimi habari za mifupa sijui, bibi. Ila mtoto hanyonyi mifupa."

Aliguna, na sikujua kama amekubali au amenivumilia. Wakati huo huo akaingia Lugembe, kaka mkubwa wa mume wa Milembe, mwenye duka la spea za baiskeli kule njia panda ya Usagara. Alikuwa amebeba kopo la maziwa kutoka mjini, bado liko kwenye mfuko. Akanisalimu kwa heshima, akaliweka juu ya kabati ambapo kila mtu ataliona. Alisema wameshaamua: mtoto aachishwe, aanze kopo kesho.

Nilikuwa nimeshawaona watoto wa kopo. Maji yalitoka ziwani kwa ndoo, kuni ni za shida, chupa inaoshwa kwa vidole. Kopo likikaribia kwisha linazidishiwa maji mpaka linabaki rangi tu. Nilikuwa nimewafunga wawili kwenye kanga, wameshakufa, kwa mikono yangu, na mmoja alikuwa mnene kuliko Makoye. Nikamwambia Lugembe yote hayo. Nikamweleza na habari ya mwamba.

"Sista, sikatai," akasema. "Lakini yule wa kwanza tulisubiri hivi hivi. Kila mtu alituambia tusubiri. Tukamzika."

"Nipeni wiki moja. Asikamue chini hata tone. Akirudi tu, kabla hajavua mabuti, mtoto anyonye. Na alfajiri kabla hajatoka akamue kwenye kikombe safi, bibi ampe kwa kijiko badala ya uji."

"Maziwa ya mtu kwenye kikombe," Bibi Kalunde akasema pembeni, kama mtu aliyesikia matusi.

"Na akifa ndani ya hiyo wiki?" Lugembe akauliza.

Ningekuwa na cheo kikubwa zaidi labda ningepata la kusema. Nikamwambia nitakuja.

"Utakuja kuzika," akasema. Lakini kopo aliliacha pale juu, hakulifungua.

Ile wiki sitaki kuirudia tena. Mchana nilikuwa napima watoto wa watu, natoa chanjo, nacheka na akina mama, na ndani nimejikunja. Maana mimi nilikuwa sijui. Eleweni hilo vizuri, nyie mnaoanza. Nilikuwa nimeona maziwa kwenye mwamba, basi. Kama ndani ya yale maziwa kulikuwa na ule ugonjwa tuliokuwa tukiuogopa, basi nilikuwa nimemwagiza mama ampe mwanaye kifo kwa haraka zaidi. Na kama nimonia ingempata mtoto kwa bahati mbaya tu, kama inavyowapata watoto, Milembe angeamini mpaka anakufa kwamba nilimuua mimi, na akina mama wote wa viwandani wangesikia. Nilimwambia Sista Paskazia kwamba nadhani nimekosea. Akasema inawezekana, na kwamba kesho nipite tena kwao.

Nilikuwa napita kila nikitoka kazini. Nikikaribia ile miamba nilikuwa nasimama kwanza, nasikiliza kama kuna watu wanalia. Siku moja nikaona umati umejaa uani kwao, wanawake wamekaa chini, vichwa vimefungwa kanga. Nilishika jiwe, nikashindwa kupanda wala kushuka, nikaanza kupanga nitakachomwambia Lugembe. Kumbe bomba lilikuwa limetoa maji kwa mara ya kwanza mwezi ule na wote walikuwa kwenye foleni ya ndoo. Wakaniuliza kama naumwa. Ndani nikamkuta Bibi Kalunde na kikombe, anampa mtoto kijiko kimoja kimoja, amekifunika kwa kisosi ili majirani wasione ni kitu gani.

Siku nyingine nikamkuta Milembe ameingia sasa hivi, mabuti bado mguuni, mtoto yuko titini. Alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni baridi ya kiwandani.

"Naogopa, Sista," akasema. "Kila akimeza naona kama namwua."

Nikakaa chini karibu yake. Nikamwambia hata mimi naogopa. Chuoni hawakutufundisha kumwambia mgonjwa hivyo, na sijui kama nilifanya vizuri, lakini niliona mabega yake yameshuka kidogo. Tukabaki tumekaa hivyo, tunamsikiliza mtoto.

Siku ya kupima alikuja asubuhi sana, kabla benchi halijajaa. Lugembe alikuja naye, akasimama nje ya baraza na baiskeli yake, hakuingia. Nilitundika sukari. Nikaitoa, nikaitundika tena, mpaka Sista Paskazia akanipokonya. Tukamvua mtoto, tukamwingiza kwenye kaptula. Alilia, na kilio kilikuwa cha hasira, cha mtu anayejua haki yake. Mshale uliyumba kwa sababu ya miguu yake. Nikangoja. Ulipotulia ulikuwa umepita ile alama ya wiki iliyopita, ukapita kijistari kimoja, ukapita cha pili, ukasimama katikati ya cha pili na cha tatu.

Nilimwita Sista asome yeye. Akasoma, akaniangalia, akasema niandike. Lugembe alichungulia, akauliza kama ni vizuri. Nilipomwambia ni vizuri sana aligeuza uso upande wa barabara, halafu akapanda baiskeli akaondoka bila kuaga. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Milembe hakulia wala hakucheka. Alimvalisha mwanaye taratibu, akakaa kwenye benchi, akampakata.

"Kwa hiyo maziwa hayakuwa na tatizo," akasema.

"Hayakuwa na tatizo."

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, Milembe."

Nilijua anakoelekea, na kama kungekuwa na njia ya kumziba mdomo kwa upendo ningemziba.

"Hata ya yule wa kwanza."

Nilitaka kusema malaria. Nilitaka kusema watoto wanakufa kwa mambo mengi, na ni kweli wanakufa. Nikasema, "Sijui, mdogo wangu. Yule sikumwona."

"Mimi nilimwona," akasema.

Benchi lilikuwa limeanza kujaa. Mwanamke aliyefuatia alikaa karibu naye kabisa, bega kwa bega, akamchekea Makoye. Milembe hakumwona. Alikuwa anatazama upande wa ziwani, kule kunakoonekana mabati ya viwanda.

"Kule mezani tuko wengi wenye watoto wachanga," akasema. "Wote tunakamua. Wengine walifundishwa na yule mama. Agnes nilimfundisha mimi. Na mwenzake Kwimba pia nilimfundisha mimi. Wa Agnes ameanza kukonda."

Nikamwambia angoje nimalize foleni, tutaenda wote, nitawaeleza mimi. Akatikisa kichwa. Alimpandisha mwanaye mgongoni, akamfunga vizuri kwa kanga, akatoka barazani. Hakushika njia ya kwao kule juu kwenye mawe. Aliteremka kuelekea kiwandani, mwendo wa haraka, karibu anakimbia. Siku hiyo hakuwa na zamu.